Redio ya gari yenye ramani

Redio ya gari yenye ramani ni kifaa chenye skrini kinachofungwa kwenye dashibodi, kikiunganisha redio, muziki na mwongozo wa njia wa GPS.

Nchini Tanzania magari mengi ya barabara mbovu, kama vile Toyota Land Cruiser, huagizwa yakiwa yametumika Japani, na kifaa hicho huja nayo. Redio ya Kijapani kwa kawaida huishia MHz 90 au 95, ilhali stesheni za FM za Tanzania hutangaza kati ya MHz 87.5 na 108, nyingi hazisikiki. Kibadilisha masafa husaidia kiasi. Ramani ni ya Japani tu, na hakuna kitufe cha kuitia Korogwe ndani yake.

Kwa hiyo wengi hununua kifaa kipya. Jambo la kwanza kuangalia ni mahali ramani inapohifadhiwa. GPS hupokea mawimbi ya satelaiti bila mtandao wa simu, lakini ramani inayotegemea intaneti hukwama mtandao ukikatika. Kwa safari za vijijini Handeni, au za milimani Bungu wilayani Korogwe, inafaa ramani iliyopakuliwa mapema, kwa mfano ya OpenStreetMap. Hata hiyo haijui daraja lililosombwa na mvua za masika. Hilo wanalijua wenyeji.

Kabla ya kufunga, fundi hupima umeme. Vifaa hivi hutumia volti 12, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zina volti 24, zinazoweza kukiunguza.