Mtoto anaharisha? Msiyasingizie meno

Mtoto wa miezi saba akianza kuharisha, jirani wa kwanza kumwona huwa na jibu tayari: “Meno hayo.” Bibi anaafiki, mama anatulia, na siku mbili zinapita bila mtu kuuliza maji anayokunywa mtoto yamehifadhiwaje.

Meno yanabeba lawama kwa sababu ya umri. Jino la kwanza huchomoza mara nyingi kati ya miezi sita na tisa. Lakini ndicho kipindi hichohicho mtoto anapoanza kupewa uji na maji, anapotambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni. Jino litamtoa udenda na kumliza usiku. Kuharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku, mara nyingi ni kazi ya vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi.

Safari ya vijidudu hivyo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Dumu la lita 20 linajazwa bombani, maji yakiwa safi. Nyumbani yanamiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, kikombe kinatumbukizwa, na vidole vya aliyekishika vinaingia navyo. Huyo aliyekishika ametoka kumtawaza mdogo wake sasa hivi. Halafu kuna ile imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa ananyonya tu; kinatupwa nyuma ya nyumba, wanakopita kuku na watoto wenzake. Nacho kinabeba vijidudu kama cha mtu mzima. Kinatakiwa kwenda chooni.

Mwandiga, inakogawanyika barabara ya kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu na Manyovu, wapo wanaokumbuka Mei 2015. Makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Vyoo havikutosha, na ziwa lilelile lililotumika kwa kila kitu ndilo lililonywewa. Kipindupindu kikalipuka. Meli ya MV Liemba iliwaleta watu Kigoma, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu kwa barabara ya Kasulu. Kufikia Mei 22, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao Watanzania.

Mlipuko kama ule huandikwa magazetini. Kuharisha kwa kawaida, kwa mtoto mmoja hapa na mwingine kule, hakuandikwi, na ndiko kunakoua zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 maji yasiyo salama, vyoo duni na ukosefu wa usafi wa mikono vilisababisha vifo milioni 1.4 duniani. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa 395,000.

Kinachomuua mtoto haraka ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, ndiyo maana kumnyima vinywaji “ili tumbo lipumzike” ni hatari. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokwisha wakati wa kipindupindu, Dk. Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya vinne. Sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi, na chumvi huvuta maji. Hiyo ndiyo ORS inayouzwa duka la dawa leo.

Soma pakiti kwanza; nyingi ni za lita moja, na ukipunguza maji utamzidishia mtoto chumvi. Chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kijiko kwa kijiko. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 mwaga. Aendelee kunyonya na kula. Ulizia pia vidonge vya zinki, ambavyo hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Wengi huviacha siku ya tatu.

Kwa mwenye kichanga, chanjo ya rotavirusi hutolewa kliniki akiwa na wiki 6 na wiki 10.

Usisubiri kesho kama macho yameingia ndani, analia bila machozi, hawezi kunywa, amelegea, ana damu kwenye choo, au anatoa choo kama maji yaliyooshea mchele. Mpeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na njiani endelea kumnywesha.