Shahidi au Mfiadini?

Krismasi ikishapita, wengi wetu huona sherehe imekwisha na kilichobaki ni kuwazia karo ya Januari. Kalenda ya Kanisa Katoliki haioni hivyo. Tarehe 26 Desemba ni ya Mtakatifu Stefano, aliyepigwa mawe hadi akafa. Tarehe 27 ni ya Yohane, mtume na mwinjili. Na tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu ambao, kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, waliuawa kwa amri ya Mfalme Herode. (Ile ya kwanza sisi Wakenya tuliizoea kwa jina la Boxing Day, na wapo walioamini kuwa ni siku ya ndondi! Kuna wakati serikali iliiita Utamaduni.)

Jambo linalonishughulisha hapa ni la lugha. Watu hawa tuwaiteje? Kwa muda mrefu neno lilikuwa shahidi. Baadaye likaja mfiadini, na siku hizi wapo wanaolitaka lishike nafasi yote, kwa hoja kwamba shahidi ni mtu wa mahakamani. Sina ugomvi na muundo wa neno hilo. Limeundwa kwa vipande ambavyo kila Mswahili anavijua, na maana yake inajieleza yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba linajieleza mno.

Shahidi tulilipata kwa Waarabu, na katika lugha yao pia hubeba maana zote mbili: aliyeona na kueleza, na aliyekufa kwa ajili ya imani. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja, martus, ambalo lilianza mahakamani kabla ya kufika makaburini. Tazama Matendo ya Mitume. Katika sura ya 7, mashahidi ni wale wanaomshtaki Stefano, nao ndio wanaoweka nguo zao miguuni pa kijana Sauli ili mikono yao iwe huru kurusha mawe. Katika sura ya 22, kijana yuleyule, sasa akiitwa Paulo, anakumbuka siku ile, na safari hii shahidi ni Stefano. Neno limehama kutoka kwa wauaji hadi kwa aliyeuawa. Weka mfiadini katika sura ya 22, na msomaji hatajua kamwe kwamba kuna kitu kilichohama.

Twende kwa Yohane. Mapokeo yanasema alifariki mzee, huko Efeso, kwa kifo cha kawaida. Basi si mfiadini. Lakini ni nani katika Agano Jipya aliyeshikilia neno ushahidi kuliko mwandishi wa Injili inayobeba jina lake?

Wagumu zaidi ni wale watoto. Wahubiri wa kale walilitambua tatizo hili: Stefano alikubali kufa na akafa, Yohane alikuwa tayari kufa lakini hakuuawa, watoto waliuawa bila kukubali wala kukataa. Walikuwa wa umri wa miaka miwili kushuka chini. Kwa Kilatini mtoto mchanga ni infans, yaani asiyesema. Shahidi asiyesema! Hata hivyo, hakimu yeyote atakuambia kwamba wakati mwingine maiti hutoa ushahidi ambao mdomo hauwezi kuutoa.

Nitaambiwa kwamba lugha hukua, na kwamba maneno mawili ni utajiri. Naam, yabaki yote mawili. Vijana wa Kabaka Mwanga waliouawa kati ya 1885 na 1887 waliijua imani yao na wakaikataa amri ya mfalme. Kuwaita wafiadini ni sawa kabisa, ingawa wengi wetu bado tunasema Mashahidi wa Uganda. Lakini mhariri atakayekata shahidi katika makala yangu ya tarehe 28 Desemba na kuandika mfiadini, nitampigia simu nimwulize watoto wale walifia dini gani.