Kitabu cha Mwaka na Watu wa Kushukuriwa

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo si la wafanyabiashara peke yao. Wema nao ni mali. Usipoandikwa, wanaokuja nyuma hawatajua ni nani aliyewafungulia njia. Ndiyo sababu twawasifu wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wa hapa Lukafu na wa Katanga yote, wanaofikiri kutunga kitabu cha mwaka wao kabla Mtihani wa Serikali haujawatawanya.

Kazi ya namna hiyo si ngeni katika nchi za Kiswahili. Huko Kiungani, Unguja, wamisionari Waanglikana walikuwa na shule ya vijana, na wengi wao walikuwa wameokolewa katika majahazi ya watumwa. Vijana hao waliandika habari za maisha yao: walikozaliwa, walivyokamatwa, walivyookoka. Mwaka 1887 habari hizo zilitolewa London kuwa kitabu, zimefasiriwa kwa Kiingereza. Na mwaka 1888 likaanza gazeti la shule hiyo, jina lake Msimulizi. Kazi njema kweli. Lakini tazameni ukurasa wa kwanza wa kitabu kile: mfasiri, A. C. Madan, ametajwa kwa jina lake. Waandishi wenyewe wameitwa wavulana tu.

Mtakatifu Paulo alifanya vingine. Sura ya 16 ya Waraka kwa Waroma ni ukurasa wa shukrani na salamu. Anamtaja Foibe, aliyewasaidia wengi. Priska na Akula, waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake. Na mama yake Rufo, aliyekuwa kwake kama mama. Hata Tertio, aliyeshika kalamu, alipewa nafasi ya kutoa salamu zake mwenyewe. Karibu miaka 2,000 imepita, nasi twayasoma majina hayo hata leo.

Basi ninyi wanafunzi, mkifika kwenye ukurasa wa shukrani, msikomee kwa Padri, mwalimu mkuu na mgeni wa heshima. Ulizeni pia: nani alilipa? Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi wa Kongo wamebeba sehemu kubwa ya mzigo wa shule. Mwaka 2019 ada zilianza kuondolewa katika shule za msingi za umma. Katika sekondari wazazi waliendelea kulipa. Kwa hiyo nyuma ya kila mwanafunzi mwenye shati jeupe yuko mama aliyeuza mihogo, baba aliyechoma makaa, mjomba aliyetuma fedha kutoka Lubumbashi. Tena mara nyingi yuko dada aliyeacha masomo ili kaka yake asome. Dada huyo hatakuwamo katika picha ya darasa. Jina lake na liwemo kitabuni.

Gaweni kazi mapema. Mmoja akusanye majina, mwingine aende kuyasahihisha kwa wenyewe, mwingine atunze picha. Msiandike “wapishi wetu” iwapo mwaweza kumtaja kila mmoja kwa jina. Mwombeni mtu ruhusa kabla ya kuandika habari za nyumba yake, maana shukrani isiyo na adabu huumiza. Wala msiziachie simu picha zenu zote: simu ikiibiwa, mwaka mzima umekwenda nayo. Kitabu na kipigwe chapa, hata kama ni karatasi chache zilizoshonwa kwa uzi, na nakala moja iwekwe parokiani, mahali pasipofikiwa na mchwa.

Wakoma kumi waliponywa, na mmoja tu alirudi kumshukuru Bwana. Wale tisa hawakuwa wabaya kupita wengine. Walikuwa na haraka ya kwenda zao. Nanyi mtakuwa na haraka siku ya kutangazwa matokeo. Basi andikeni sasa. Na kitabu kikiisha, nakala ya kwanza msimpelekee mkubwa yeyote. Mpelekeeni yule dada, mkamsomee jina lake.