Kitenzi -anguka na Msimbo wa Ugonjwa: Maelezo ya Wagonjwa Waangukao Mara kwa Mara Mkoani Dodoma

Makala haya yanachunguza namna kitenzi kimoja cha Kiswahili, -anguka, kinavyotatiza uwekaji wa misimbo ya magonjwa hospitalini. Mfumo unaorejelewa ni Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, ulioidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei 1990. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, lakini tatizo lenyewe ni la lugha. Kubadili toleo hakuliondoi.

Katika toleo la 10, waangukao huingia katika mafungu matatu. Anguko la ajali limo katika W00 hadi W19, misimbo ielezayo chanzo cha jeraha tu: bibi aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja hupewa kwanza S72.0, ndipo msimbo wa W ukafuata. Mwelekeo wa kuanguka pasipo sababu bayana ni R29.6. Kifafa ni G40.

Kiswahili kina nyenzo za kuyatenganisha mafungu hayo. Ameanguka hutaja tukio. Huanguka hutaja mazoea. Uradidi wa shina, anaangukaanguka, huonyesha wingi wa matukio. Kinachovuruga mpangilio huu ni tasfida. Aghalabu jamaa huona haya kutamka kifafa, wakasema "ana ugonjwa wa kuanguka", au kwa ufupi "anaanguka". Hapo umbo la kitenzi halimsaidii tena tabibu. Mkoani Dodoma huongezeka hatua nyingine: maneno ya mzee asemaye Kigogo hutafsiriwa na mjukuu kwa Kiswahili, na tabibu huyaandika kwa Kiingereza. Katika safari hiyo viambishi vya njeo na hali ndivyo hupotea kwanza.

Madhara yake si ya kinadharia. Mzee aangukaye kwa udhaifu wa miguu, au kwa kushuka kwa shinikizo la damu asimamapo, akiandikiwa kifafa aweza kupewa fenobabitoni, dawa iletayo usingizi na kumzidishia maanguko. Kinyume chake, kijana mwenye kifafa aliyeangukia mafiga aweza kuandikwa kuwa ameungua, basi. Kidonda kikapona, kifafa kisiwemo jaladani, wala asipelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyomo mjini humo humo.

Kwa hiyo swali "Je, anaanguka?" halitoshi. Lifaalo huuliza kilichotangulia anguko na kilichofuata: alikuwa amesimama au ameketi, alipotewa na fahamu, aliuma ulimi, anakumbuka alivyoanguka? Majibu yaandikwe kwanza kwa maneno ya msemaji mwenyewe, kitenzi kikiwa na viambishi vyake, kabla ya tafsiri.