Fahamu: Jinsi halmashauri inavyobadilisha mikono

Huko Urambo, mkoani Tabora, katika nchi iliyotawaliwa na Mtemi Mirambo hata alipofariki mwaka 1884, kila robota la tumbaku linaponunuliwa sokoni mnunuzi hulilipia ushuru, ambao tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na fedha hizo huingia katika hazina ya halmashauri. Kwa hiyo si jambo dogo kujua ni nani mwenye kauli katika baraza la madiwani.

Diwani wa kata huchaguliwa kila baada ya miaka 5, siku ile ile ya kuwachagua Rais na mbunge, nao madiwani wanawake wa viti maalumu hugawiwa vyama kwa kadiri ya ushindi wao. Kisha wote huketi na kumchagua mwenyekiti miongoni mwao, hata ikawa chama chenye wingi ndicho chenye usukani.

Aghalabu wingi huo Tabora umekuwa wa CCM. Walakini mwaka 2015 Kaliua, iliyomegwa kutoka Urambo, ilimpeleka bungeni Magdalena Sakaya wa CUF, na Machi 2016 madiwani wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, wakampa Isaya Mwita wa CHADEMA umeya wa Jiji la Dar es Salaam.

Mkurugenzi, mtendaji mkuu wa halmashauri, huteuliwa na Rais, wala hapigiwi kura. Basi, msomaji, karatasi ya diwani usiidharau: ndiyo iliyo karibu zaidi na barabara na zahanati yako.