MKOKO: MTI ULIOPEWA KUISHI NA CHUMVI



Ndugu wanafunzi na wazazi, anayengoja boti ya Mafia pale Nyamisati huiona mikoko imesimama majini. Maji ya bahari yana chumvi ipatayo gramu 35 katika kila lita. Tukimwagilia mchicha maji hayo, utakauka. Mbona mikoko haikauki?

Maji hufuata palipo na chumvi nyingi. Udongo ukiwa na chumvi kuliko mzizi, maji hutoka mzizini badala ya kuingia, na mmea hufa kwa kiu hali umezungukwa na maji.

Mwenyezi Mungu ameipa mikoko njia zake. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, huichuja chumvi mizizini. Zaidi ya asilimia 90 haiingii. Mchu huacha kiasi kiingie, kisha huitoa kwa vitundu vidogo vya majani. Lamba jani la mchu wakati wa kiangazi, utaonja chumvi.

Ama mimea ya nchi za baridi, mtihani wake ni mwingine: sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu. Ua la irisi la bustani za Ulaya huacha majani yake yafe, na shina lake hubaki hai udongoni, likiwa na akiba ya sukari inayozuia maji yake yasigande upesi. Mkoko hauna uwezo huo, ndiyo maana hauoti katika pwani zenye sakitu kali. Kila kitu kimeumbwa kwa kipimo, kama tunavyosoma katika Suratul Qamar, aya ya 49.

Hapa pana funzo kwetu watu wa Kibiti na Rufiji. Delta yetu ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote nchini. Sehemu yake imekatwa ili kulimwa mpunga. Mwanzo mpunga hustawi, kwani mto huleta maji matamu. Lakini mpunga haukupewa uwezo wa mkoko. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda. Magugu na kaa nao huharibu. Baada ya miaka kadhaa shamba huachwa, na msitu mwingine hukatwa.

Hatumlaumu mkulima anayetafuta riziki ya watoto wake. Tunasema tu kwamba mikoko ni malezi ya kamba na samaki, na ni kinga ya mawimbi. Ikiisha, riziki nyingine nayo hupungua.

Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini, mfano wa kijiti kirefu. Tuziokote zilizokomaa, tuzichomeke topeni pale msitu ulipokatwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa apandaye mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Wabillahi tawfiiq.