Kingo za mito zahitaji walinzi Migori na Homa Bay

Mvua inyeshapo mjini Migori, maji husomba udongo na takataka hadi Mto Migori, ambao huungana na Mto Kuja na kuelekea Ziwa Victoria. Mjini Homa Bay, uchafu huishia katika Ghuba ya Winam na kustawisha gugumaji, ambalo huwazuia wavuvi kupita.

Wananchi wana uwezo wa kisheria wa kubadili hali hiyo. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua mahali pake, ziliwaruhusu kuunda vyama vya watumiaji maji ili kushiriki katika kutunza mito yao. Aidha, kanuni za 2007 zilitenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto.

Hata hivyo, si kila mti unafaa ukingoni. Mikaratusi hunyonya maji mengi, ilhali mianzi na miti ya kiasili hushikilia udongo na kuchuja maji yatokayo barabarani. Miche nayo huhitaji ulinzi dhidi ya mifugo na kunyweshwa wakati wa kiangazi.

Palipolimwa au kujengwa hadi majini, upanzi wa miti huwa sherehe ya siku moja tu. Sharti kwanza mto urudishiwe ardhi yake.